Kumtafuta jamaa aliyekufa vitani: tathmini ya rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola

Familia nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi zina mtu mmoja katika ukoo ambaye habari zake zinaishia kwenye maneno machache: alichukuliwa vitani na hakurudi. Wengine husimulia kwamba alikwenda Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, wengine kwamba alipotelea katika vita vya Mjerumani akiwa mpagazi, na kwa kawaida hakuna cheti, barua wala picha iliyosalia ya kuunga mkono masimulizi hayo. Huduma ninayoitathmini hapa, yaani rejista ya majina iliyo katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ndiyo ninayozishauri familia kama hizo zianze nayo. Ndiyo pia ninayozionya zisiichukue kuwa na neno la mwisho, kwa sababu kimya chake kuhusu Waafrika waliokufa kati ya 1914 na 1918 kina historia yake, na historia hiyo inawahusu zaidi waliokuwa wakiandika majina kuliko walioyabeba.

Tume yenyewe iliundwa kwa hati ya kifalme tarehe 21 Mei 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, kwa juhudi za Fabian Ware, na ikachukua jina lake la sasa mwaka 1960. Inaendeshwa kwa michango ya serikali sita, ambazo ni Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki katika orodha hiyo, jambo linalofaa kukumbukwa tutakapofika kwenye mapungufu. Inatunza kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 katika maeneo 23,000 hivi, kwenye nchi zaidi ya 150. Kanuni zake zilizotangazwa tangu mwanzo ni kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, ama juu ya kaburi lake au kwenye mnara, kwamba mawe yawe ya namna moja, na kwamba pasiwe na ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Rejista ya mtandaoni ilifunguliwa kwa umma mwaka 1998, na kutafuta jina ndani yake hakuhitaji malipo.

Kabla ya kuandika herufi yoyote, mtafutaji anapaswa kuelewa mipaka ya muda, maana watu wengi wanaokata tamaa mapema huwa wanamtafuta mtu asiyeweza kuwemo. Kwa Vita vya Kwanza, Tume inahesabu vifo vilivyotokea kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Kwa Vita vya Pili, kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Nyongeza hiyo ya miaka baada ya mapigano kukoma ina faida kubwa, kwa kuwa inawaingiza waliokufa hospitalini au kambini wakiwa bado wanasubiri kurudishwa makwao. Hata hivyo, mzee aliyerudi nyumbani na kifua kibovu akafa mwaka 1952 hamo, na aliyeuawa katika vita vya Kagera mwaka 1979 hamo vilevile. Hii ni rejista ya waliokufa katika vita viwili, na haikusudii kuwa orodha ya wote waliowahi kuvaa sare.

Ukurasa wa kutafutia unatoa nafasi za jina la ukoo, jina la kwanza, namba ya askari, kikosi, vita, tarehe ya kifo na nchi anakokumbukwa. Mpangilio ni mzuri na unaeleweka, ila umejengwa kwa ajili ya watu wenye jina la ukoo linalorithiwa kizazi hadi kizazi, nao askari wetu wengi hawakuwa nalo. Mtu aliyejulikana kijijini kama Juma mwana wa Abdallah anaweza kuwa ameingizwa chini ya Juma, chini ya Abdallah, au majina yote mawili yamewekwa katika nafasi moja. Wapo pia walioandikwa kwa jina moja tu. Karani aliandika alichokisikia, mara nyingi bila kuijua lugha ya aliyekuwa mbele yake, kwa hiyo Mwangi anaweza kutokea kama Muangi, na anayechanganya sauti za l na r anaweza kumpoteza Karanja moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, kutafuta kwa jina peke yake, ambako ndiko kila mtu huanzia, ndiyo njia dhaifu kuliko zote kwa familia za kwetu.

Njia yenye nguvu zaidi ni kuliacha jina kando na kutafuta kwa kikosi, mwaka na mahali, kisha kuisoma orodha yote inayopatikana kwa macho ya mtu anayeijua lugha ya marehemu. Tovuti inaruhusu matokeo kupakuliwa kama jedwali, na hapo mjukuu anayejua kwamba babu yake aliitwa pia kwa jina la utani, au kwamba jina la baba yake mdogo liliwahi kutumiwa na ukoo mzima, ana uwezo ambao hakuna programu ya utafutaji inayoweza kuufikia. Ni kazi ya kuchosha, sikatai. Lakini ndiyo kazi inayozaa matunda.

Katika hatua hii masimulizi ya familia yanageuka kuwa chombo cha kazi, mradi yasikilizwe kwa makini. Anayesemwa kwamba alikuwa askari wa Keya anatafutwa chini ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na kama kuna anayekumbuka namba ya kikosi, orodha hupungua sana: vikosi vya 26 na 36, kwa mfano, vilikuwa vya Tanganyika. Aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi huenda yuko chini ya East African Army Service Corps, aliyekuwa mhudumu wa wagonjwa chini ya East African Army Medical Corps, na anayesemwa kwamba alipiga mzinga chini ya East African Artillery. Wale wanaosimuliwa kuwa walichimba barabara na kujenga madaraja wengi wao walikuwa katika vikosi vya mapayonia. Nimeona familia zikishikilia kwamba babu alikuwa mpiganaji wa mstari wa mbele, na kwa ajili ya heshima hiyo zikakataa kutafuta katika vikosi vya usafirishaji na vibarua. Heshima ya namna hiyo inawagharimu jina lenyewe, na kwa maoni yangu haina msingi, kwani aliyeendesha lori la risasi katika matope ya Bama aliuawa kwa mabomu yaleyale.

Mfano unaoonyesha huduma hii ikifanya kazi kwa ubora wake ni ule wa meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini pamoja na msafara wake ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi ikazama katika dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katika masimulizi ya nyumbani tukio hilo kwa kawaida limebaki bila jina la meli na bila tarehe. Linalosemwa ni kwamba mtu huyo alikufa majini akiwa njiani kwenda Bama. Ukiiweka tarehe hiyo katika nafasi ya tarehe ya kifo na East African Artillery katika nafasi ya kikosi, watu wa msiba ule wanajipanga mbele yako, jina baada ya jina. Majina ya askari hao wa mizinga yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, kwa hiyo familia ambayo haikuwahi kuwa na kaburi la kuliendea inapata angalau jiwe la kusimama mbele yake.

Kwa waliofika Bama na kufia huko, hasa wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioteremka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin mwaka 1944, sehemu ya kuangaliwa ni Taukkyan, nje kidogo ya jiji la Yangon. Hapo kuna makaburi zaidi ya 6,000, na mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walikozikwa. Msomaji asishtuke akimkuta jamaa yake katikati ya maelfu ya Wahindi na Waingereza, kwani mnara huo ni wa jeshi zima lililopigana kule.

Ukurasa wa mtu mmoja ukifunguka, unakuta jina, cheo, namba, kikosi, tarehe ya kifo, na namba ya kaburi au ya ubao wa mnara. Kwa bahati nzuri, wakati mwingine kuna mstari wa ziada wenye jina la baba na wilaya aliyotoka, na mstari huo ndio unaomaliza mabishano yote ya kufanana kwa majina. Chini yake huwekwa nakala za nyaraka za zamani: kurasa za rejista iliyochapishwa, orodha zilizotumiwa kuagizia mawe, na kwa baadhi ya watu taarifa za kufukuliwa na kuzikwa upya. Nyaraka hizi watumiaji wengi huzipita bila kuzifungua, nami naziona kuwa zina thamani kuliko ukurasa wenyewe, kwa sababu zinaonyesha mwili ulipatikana wapi kabla ya kuhamishiwa kwenye makaburi makubwa. Familia inayosimulia kwamba ndugu yao alizikwa porini kando ya mto, huku rejista ikisema yuko mjini, inaweza kugundua kwamba pande zote mbili zinasema kweli.

Kila eneo la makaburi lina ukurasa wake pia, wenye maelekezo ya njia na maelezo mafupi ya kihistoria. Kurasa hizo zinatosha kwa mtu anayepanga safari, na sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba huduma yote haina Kiswahili. Kwa chombo kinachowahifadhi maelfu ya watu ambao amri za kijeshi walizipokea kwa Kiswahili, hilo ni pengo linaloonekana, na athari yake ni ya moja kwa moja: wazee wenye masimulizi hawawezi kuitumia rejista wenyewe, na vijana wanaoweza kuitumia mara nyingi hawana masimulizi.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa, ambayo hakuna mpangilio wa tovuti unaoweza kuiondoa. Katika kampeni ya Afrika Mashariki ya Vita vya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliwatumia wapagazi na vibarua wapatao milioni moja, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo, na makadirio ya wanahistoria ya waliokufa miongoni mwao yanakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia, njaa na uchovu, wakibeba unga, risasi na majeruhi katika mvua za Rufiji na milima ya kusini. Ukimtafuta mmoja wao katika rejista hii, uwezekano mkubwa ni kwamba hutampata, hata kama familia ina uhakika wa mwaka aliochukuliwa na kambi alikopelekwa.

Sababu si kwamba majina hayakuwahi kuandikwa. Wapagazi waliandikishwa kwa wilaya na kulipwa kwa orodha, na mtu anayelipwa kwa orodha ana jina. Sababu ni maamuzi yaliyofanywa baada ya vita na maofisa wa Tume pamoja na serikali za kikoloni, kwamba kwa Waafrika ulitosha mnara wa jumla badala ya kaburi na jina kwa kila mmoja. Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudiwe na pori haraka iwezekanavyo. Minara ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1927 na 1928 ndiyo matunda ya maamuzi hayo: maandishi yake yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake, na hakuna jina hata moja la mpagazi lililochongwa juu yake.

Kipimo kizuri cha tofauti hii ni kuyalinganisha yanayopatikana. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, yumo katika rejista, na kaburi lake linatunzwa hadi leo ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, aliyeuawa Abisinia mwezi Mei 1941 na kutunukiwa Msalaba wa Victoria, hakuwahi kupatikana mwili wake, lakini jina lake liko kwenye Mnara wa Afrika Mashariki jijini Nairobi na maelezo yake ni kamili. Sina kinyongo na kumbukumbu zao. Ninachosema ni kwamba wapagazi waliolibeba jeshi la Selous hadi Beho Beho walikuwa wengi kuliko wapiganaji wake, nao wamebaki idadi tu.

Tume imeyakubali haya kwa maandishi. Kamati maalumu iliyoundwa nayo ilitoa ripoti mwezi Aprili 2021, ikakadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waafrika Mashariki na Wamisri ndio wengi katika kundi hilo la pili. Tume iliomba radhi, serikali ya Uingereza nayo ikaomba radhi bungeni, na kazi ya kuyatafuta majina katika hifadhi za nyaraka ikaanza. Naipa Tume sifa kwa kuchapisha takwimu zinazoiaibisha yenyewe. Taasisi nyingi zenye umri kama wake zisingefanya hivyo. Lakini kwa mtumiaji wa kawaida tatizo liko palepale, kwamba utafutaji unaorudisha sifuri haumwambii kama mtu huyo hakufa vitani, au alikufa na hakuandikwa, au aliandikwa kwa jina ambalo hakuna nduguye angelitambua. Mjukuu anayeiona sifuri hiyo anaweza kuamini kwamba bibi yake alimdanganya. Kwa wapagazi wa 1914 hadi 1918, bibi ndiye shahidi wa kuaminiwa zaidi.

Kwamba hali inaweza kubadilika kumeonekana Cape Town, ambako mwezi Januari 2025 Tume ilizindua mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita vya Kwanza, baadhi yao humuhumu Afrika Mashariki, bila kuwa na kaburi wala jina popote kwa zaidi ya miaka 100. Majina hayo yalitoka kwenye nyaraka zilizokuwa zimekaa tu. Kwa hiyo mtu aliyetafuta miaka mitano iliyopita akakosa ana sababu ya kutafuta tena, na wenye nafasi ya kufika kwenye hifadhi za nyaraka za taifa, Nairobi au Dar es Salaam, wakasome majalada ya wilaya walikotoka wazee wao, wasiingoje Tume peke yake.

Kuna sehemu mpya zaidi ya tovuti, iliyofunguliwa mwaka 2023, ambako familia zinaweza kuandika kisa cha marehemu na kuambatanisha picha. Wazo hili nimelipenda kuliko yote. Rejista inatoa namba na tarehe. Kisa kinaeleza kwamba mtu huyo alimwacha mke mjamzito, kwamba nguo zake zilikaa sandukuni hadi mdudu akazimaliza, kwamba mtoto aliyezaliwa baadaye alipewa jina lake. Kasoro ni kwamba sehemu hii imejengwa juu ya majina yaliyomo tayari katika rejista, hivyo familia zilizonyimwa jina ndizo zinazonyimwa pia pa kuanzia kusimulia. Kadhalika, visa vya familia za Uingereza, Kanada na Australia vinajaa kwa urahisi kwa sababu wana barua, picha na shajara. Za kwetu zina sauti ya mzee na labda wimbo wa kuagia askari. Ningependa kuona Tume ikipokea sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili na lugha nyinginezo kwa uzito uleule inaoupokelea barua.

Zaidi ya yote, mtumiaji asidai kutoka rejista hii yale isiyoweza kuyatoa kuhusu waliorudi. Watu zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki waliingia jeshini katika Vita vya Pili, na walio wengi walirudi nyumbani. Waruhiu Itote, aliyekwenda Bama na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, hawezi kupatikana humo, wala Bildad Kaggia aliyetumikia jeshi hilohilo Mashariki ya Kati. Masimulizi mengi tunayoyajua, ya koti zito la jeshi, ya Kihindi kidogo alichojifunza, ya hasira ya kurudi na kukuta mashamba yamechukuliwa, ni masimulizi ya hao waliorudi, na kwao kazi kubwa ni kumrekodi aliyebaki hai au mtoto wake mkubwa kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa aliyekuwa upande wa Wajerumani, rejista hii inasaidia kidogo sana, na ile ya shirika la Kijerumani linalotunza makaburi ya vita, Volksbund, imejengwa kwa ajili ya wanajeshi wa Ujerumani wenyewe. Askari waliosalia wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, waliandikwa upya mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha walipwe, lakini hiyo nayo ilikuwa hesabu ya walio hai. Aliyetekwa katika Vita vya Kwanza anaweza kutafutwa katika kadi za wafungwa za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambazo ziko wazi mtandaoni bila malipo. Hata hivyo kadi hizo zinawahusu zaidi wanajeshi wa Ulaya.

Kwa ujumla wa matumizi, basi, ningeipa huduma hii alama za juu kwa familia zenye mtu aliyekufa kati ya 1939 na 1947, alama za wastani kwa askari wa King's African Rifles wa vita vya kwanza, na alama za chini kabisa kwa wapagazi, nikitambua kwamba wahandisi wa tovuti hawana hatia katika hilo. Anayeitumia aanze kwa kuuliza nyumbani: majina yote aliyoitwa marehemu, jina la baba yake na la chifu wa wakati ule, nani aliondoka naye siku moja, na kama kulipatikana barua au fedha zozote baada ya kifo. Swali la nani aliondoka naye ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu vijana wa eneo moja mara nyingi waliandikishwa pamoja, na kumpata mwenzake katika orodha ni kupata kikosi, kambi na mara nyingine hata tarehe.

Jina likipatikana likiwa limekosewa, Tume inapokea maombi ya kurekebisha, na kwa asiyekuwemo kabisa inapokea madai mapya, mradi yaambatane na ushahidi wa maandishi wa utumishi na wa kifo. Sharti hilo ni gumu kwa ukoo ambao haukupewa cheti chochote, ndiyo maana kila kipande kilichosalia kina uzito: kitambulisho cha jeshi, barua ya mkuu wa wilaya, stakabadhi ya malipo ya mjane, medali yenye namba ukingoni. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga mzuri, andika nani alikitunza na tangu lini, na utume nakala. Chenyewe kibaki nyumbani.